Kuripoti Hitilafu za Programu Ndogo: Mwongozo kwa Watumishi wa Ofisi na Wenye Steshenari

Mwongozo huu umeandikwa kwa makatibu muhtasi, wahasibu, watunza masjala, wenye steshenari na yeyote ambaye riziki yake hupitia kwenye kompyuta ya mezani. Hauhusu programu kubwa za kampuni zenye maelfu ya waajiriwa. Unahusu zile ndogondogo: ya kuunganisha PDF, ya kufungua faili zilizobanwa, ya kupiga picha ya skrini, ya kuskani, ya kupunguza ukubwa wa picha ya pasipoti ili mfumo wa maombi uikubali. Kila moja ina kazi yake moja. Haichukui nafasi kubwa kwenye diski na hakuna anayeizungumzia, hadi siku inapogoma, ndipo inapoonekana kwamba ofisi nzima ilikuwa imeiegemea.

Ni vizuri kujua kwanza nani yuko upande wa pili. 7-Zip, inayofungua na kubana faili, ilianzishwa na Igor Pavlov mwaka 1999. IrfanView ya kutazama picha ilitoka mwaka 1996, na jina lake limetokana na la mtengenezaji, Irfan Škiljan. Notepad++ ni kazi iliyoanzishwa na Don Ho mwaka 2003. Nyuma ya programu za namna hii mara nyingi yupo mtu mmoja, au wachache wanaosaidiana baada ya saa za kazi. Hawana kitengo cha huduma kwa wateja. Hawaoni skrini yako wala hawajui umeme wako hukatika saa ngapi. Wanachokijua kuhusu hali ya programu yao mezani kwako ni kile tu utakachowaandikia.

Kwa hiyo taarifa ya hitilafu ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi, kama kujaza leja. Si malalamiko.

Kabla ya kuandika lolote

Jua toleo lako. Fungua menyu ya Help, kisha About, unakili namba yote pamoja na nukta zake. Kwa toleo la Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Wengi huruka hatua hii kwa kuiona ya kirasimu. Wakumbuke yaliyoipata CCleaner, programu maarufu ya kusafisha diski. Tarehe 15 Agosti 2017 lilitoka toleo 5.33, na ndani yake wahalifu walikuwa wamepenyeza msimbo wa kijasusi kabla halijawafikia watumiaji. Jambo hilo lilitangazwa Septemba mwaka huohuo, na kampuni ikasema toleo hilo lilikuwa limeingia kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27. Wenye kompyuta hizo walikuwa wameipakua mahali halali kabisa. Siku ile swali la maana kwa kila ofisi lilikuwa moja: ninyi mna toleo gani? Aliyekuwa ameiandika namba yake mahali alijibu kwa dakika moja.

Pia hakikisha hitilafu yako haijarekebishwa tayari. WinRAR, kwa mfano, haina desturi ya kujisasisha yenyewe. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba ilikuwa na tundu la usalama lililodumu miaka 19, ndani ya sehemu iliyofungua faili za aina ya ACE ambazo karibu hakuna aliyekuwa akizitumia tena. Toleo jipya likaiondoa sehemu hiyo. Lakini hadi leo ukiingia ofisi nyingi utakuta WinRAR ileile iliyosakinishwa na fundi siku kompyuta iliponunuliwa. Sasisha kwanza, jaribu tena, ndipo uandike.

Chanzo nacho kitazamwe. Ikiwa programu ilitoka kwenye flashi ya jamaa, au kwenye tovuti yenye vitufe vitano vya kijani vinavyogombania kubofywa, hujui hata kama unachokitumia ni kazi ya huyo unayetaka kumwandikia. Bofya kisakinishi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, utafute kichupo cha Digital Signatures. Kikiwepo, soma jina la aliyetia saini. Kisipokuwepo haina maana kwamba faili ni mbaya, kwa kuwa wengi wa hawa watengenezaji wadogo hawalipii cheti cha saini. Basi ipakue upya kutoka kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe.

Na leseni isomwe. IrfanView ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani na yasiyo ya biashara, lakini ofisi ya biashara inatakiwa kulipia. 7-Zip ni ya bure hata kazini. Kumdai mtu huduma kwa programu uliyopaswa kuinunua na hukuinunua ni kujiaibisha.

Kisa cha ritifaa

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa masjala ya chama cha ushirika cha wafugaji. Kila mwisho wa mwezi niliunganisha PDF 16 za vituo vya kukusanyia maziwa, zikawa kitabu kimoja cha kumpelekea mkaguzi. Nilitumia kiprogramu chepesi, na miezi yote kilifanya kazi bila shida. Mwezi wa Machi kikagoma. Mstari wa kijani ulifika katikati, kikajifunga bila kuaga.

Mwenzangu alisema ni virusi. Fundi akasema RAM haitoshi, na bei anayo. Mkuu wa ofisi akasema ni umeme mdogo. Mimi nikamwandikia mtengenezaji barua pepe ambayo hadi leo naionea haya: “Programu yenu haifanyi kazi, tafadhali rekebisheni haraka.” Haikujibiwa. Angejibu nini?

Siku ya pili nilifanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nikazigawa zile faili 16 mafungu mawili. Nane za mwanzo zikaunganika vizuri. Nane za mwisho zikaiangusha programu. Nikazigawa hizo nane: nne zikapita, nne zikagoma. Kisha mbili. Nikazipitisha hizo mbili mojamoja kwa kuunganisha kila moja na faili ninayojua haina tatizo, mkosaji akabaki peke yake. Mizunguko minne tu, haikufika robo saa. Faili iliitwa Chanjo ya ng'ombe.pdf.

Hapo ndipo wengi husimama, wakatangaza kwamba faili ni mbovu. Nikaifungua, ikafunguka. Nikaichapisha, ikatoka safi. Nikainakili kwenye eneo-kazi na kuiita a.pdf, kisha nikaunganisha: ikapita. Nikairudishia jina lake: ikagoma. Mwisho nikatengeneza PDF ya ukurasa mmoja mtupu, nikaiita ng'.pdf. Ukurasa mtupu, usio na herufi hata moja ndani, ukaiangusha programu nzima.

Kosa lilikuwa kwenye ritifaa, ile alama inayofuata ng katika ng'ombe. Katika lugha nyingi za kuandikia programu, alama hiyo huonyesha mahali maneno yanapoanza na yanapokoma. Programu isiyoandaliwa ikikutana na jina la ng'ombe husoma hadi ng, ikaona alama, ikadhani jina limekwisha, na ombe iliyobaki haijui iifanyeje. Sisi wenye ng'ombe, ng'ambo na akina Ng'ang'a tuna nafasi kubwa zaidi ya kukutana na hitilafu hii kuliko mtu anayeziita faili zake report1 na report2.

Lakini mbona Februari ilipita, na faili ya chanjo ilikuwepo? Hilo lilinisumbua zaidi, hadi nilipoyaweka majina mawili sambamba na kuyakuza. Ile ya Februari jina lake lilitoka kwenye Word, ambayo hupendekeza mstari wa kwanza wa hati uwe jina la faili, na Word ilikuwa imeshaigeuza ritifaa kuwa ya kupinda: ng’ombe. Ile ya Machi nililiandika jina mwenyewe kwa kibodi, nikapata iliyonyooka: ng'ombe. Kwa jicho la mtu ni neno moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na ni hiyo iliyonyooka pekee iliyokuwa ikiua programu.

Taarifa yenyewe

Barua ya pili niliyoituma ilikuwa hivi, ukiacha jina la programu:

“Kichwa: Programu inajifunga ikiunganisha faili yenye ritifaa iliyonyooka kwenye jina.

Toleo la programu: 3.2.1. Windows 10, biti 64.

Hatua: 1. Chukua PDF yoyote, iite ng'.pdf. 2. Iongeze kwenye orodha pamoja na PDF nyingine. 3. Bofya Unganisha.

Nilichotarajia: faili moja iliyounganishwa.

Kilichotokea: mstari unafika katikati, dirisha linajifunga, hakuna ujumbe wowote. Hutokea kila mara. Nimejaribu mara kumi, kwenye kompyuta mbili.

Nilichogundua: nikibadilisha jina kuwa ng.pdf, inafanya kazi. Ritifaa ya kupinda haina tatizo. Nimeambatisha ukurasa mtupu wa kujaribia.”

Jibu lilikuja baada ya siku nne, mstari mmoja wa shukrani, na toleo lililofuata likawa limetibu.

Tazama kilichomo na kisichokuwemo. Hakuna “haifanyi kazi”. Virusi, RAM na umeme havikutajwa. Simon Tatham, aliyeandika programu ya PuTTY, alichapisha mwaka 1999 maelezo marefu kuhusu namna ya kuripoti hitilafu, na bado yanasomwa. Shabaha yake ni kwamba mtengenezaji awezeshwe kuiona programu ikianguka mbele ya macho yake mwenyewe. Akishaiona, nusu ya kazi imekwisha. Anasisitiza pia kutenganisha ulichokiona na unachokidhani. Fundi wetu wa RAM angeandika taarifa, angempotezea mtengenezaji wiki nzima, kwa kuwa angetoa dhana yake kwa sauti ya uhakika. Ukiwa na dhana, iandike, lakini itangulize neno “nadhani” na iwe ya mwisho.

Neno “hutokea kila mara” lina uzito wake. Hitilafu inayotokea mara moja kwa wiki ni ngumu kuliko inayotokea kila ukibofya. Kama yako ni ya kuja na kuondoka, usiiripoti siku hiyohiyo. Weka daftari la kaunta kando ya kibodi uandike saa, faili uliyokuwa nayo, na kilichokuwa wazi kando yake. Steshenari moja ninayoifahamu iligundua kwa njia hiyo kwamba skana ilikuwa ikipotea kwenye orodha kila mara mteja alipochomeka flashi kwenye tundu la USB la jirani.

Ujumbe wa hitilafu ukitokea, unakili neno kwa neno, pamoja na namba yake. Usiutafsiri. Katika vidirisha vingi vya Windows unaweza kubonyeza Ctrl na C ujumbe ukiwa wazi, ukaubandika kwenye barua kama maandishi. Maandishi yanatafutika. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye mwanga wa dirisha katikati na kidole pembeni, haitafutiki.

Picha ya skrini na siri za watu

Picha ya skrini ina faida pale tatizo linapoonekana kwa macho: kitufe kilichofunikwa, maandishi yaliyokatwa, jedwali lililopinda. Lakini skrini ya kazini imejaa watu. Nyuma ya kidirisha kidogo cha hitilafu kuna namba za vitambulisho vya taifa, mishahara, majibu ya maabara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ukimtumia mtu wa nchi nyingine taarifa za wateja, kusema ulitaka akurekebishie programu si udhuru utakaokutetea.

Wala kukata picha pekee hakutoshi. Machi 2023 iligunduliwa kwamba zana ya picha za skrini ya Windows 11 ilikuwa na kasoro: ukiikata picha na kuihifadhi juu ya faili ileile, sehemu uliyoikata ilibaki imejificha ndani ya faili, na mjuzi aliweza kuirejesha kwa kiasi. Kasoro ya namna hiyo ilikuwemo pia kwenye simu za Google Pixel. Zote zilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kutumwa hazikurudi. Na mstari mweusi unaochorwa juu ya jina kwenye PDF mara nyingi ni pazia tu. Aliyeipokea anachagua maandishi, ananakili, anasoma.

Njia salama ni kutengeneza tatizo upya kwa data ya uongo: mteja aitwaye Fulani bin Fulani, mshahara 1,000, ukurasa mtupu. Mbali ya kulinda siri, kazi hiyo hukulazimisha kuijua hitilafu yako. Ikiwa kwa data ya uongo haitokei, basi chanzo kimo kwenye data halisi, na hilo lenyewe ni jambo la kuripoti.

Kuna hitilafu moja isiyofaa kuwekwa hadharani: ile inayoweza kumsaidia mwizi. Ukiona programu inafungua faili bila kuuliza nywila, au inaonyesha nyaraka za mtumiaji mwingine, tafuta anwani ya faragha ya mtengenezaji umwandikie yeye peke yake, kisha umpe muda wa kuziba tundu.

Kuomba kitu kipya

Maombi ni tofauti na hitilafu, na yasichanganywe katika barua moja. Kosa la kawaida ni kuomba kitufe. “Wekeni kitufe cha kugeuza kurasa zote.” Mtengenezaji hajui kitufe hicho ni cha nini, na kama kila mtu akipewa chake, programu ndogo itakoma kuwa ndogo. Eleza kazi: “Wateja huniletea vyeti, naviskani 40 kwa siku, nusu hutoka kichwa chini, na navigeuza kimojakimoja.” Akisoma hivyo huenda akakupa jambo bora kuliko kitufe, au akakuonyesha kwamba njia ipo tayari na hukuiona.

Kiswahili kwenye menyu ni ombi linalofaa kabisa, lakini jiandae kuulizwa kama utasaidia kutafsiri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na sehemu kubwa ya jasho lake ilikuwa kukubaliana maneno. Programu ndogo huwa na menyu fupi, kwa hiyo mzigo si wa kutisha. Fanya hivyo na mwenzako mmoja, mbishane kuhusu “faili” na “jalada” kabla hamjatuma.

Lugha na adabu

Kiingereza kibovu hakimkasirishi mtu. Kama hukiwezi, andika Kiswahili cha sentensi fupi, hatua kwa namba, aya moja jambo moja. Mashine za kutafsiri hukipokea vizuri. Acha methali na mafumbo kwa siku hiyo.

Kuhusu kuhimiza: kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha subiri. Hili lina sababu zaidi ya ustaarabu. Mwaka 2022 Lasse Collin, aliyekuwa akiitunza XZ Utils, zana ndogo ya kubana data inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux, alishambuliwa na watu wasiofahamika waliolalamika kwamba anachelewa na wakamtaka akabidhi kazi. Alijibu kwamba afya yake ya akili haikuwa nzuri, na kwamba kazi hiyo ni ya kujitolea bila malipo. Akamkaribisha msaidizi aliyejiita Jia Tan. Mwanzoni mwa 2024, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, msaidizi huyo akapenyeza mlango wa siri. Wachunguzi wengi wanaamini wale walalamikaji walikuwa sehemu ya njama hiyohiyo.

Na aliyeufichua alikuwa mtumiaji. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwa mbali kwenye mashine yake ya majaribio kupitia SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengine tungesema mtandao ni mzito leo. Yeye akapima, akafuatilia hadi chini, na tarehe 29 Machi 2024 akatoa taarifa yenye toleo, hatua na ushahidi. Usambazaji wa matoleo hayo ukasimamishwa kabla hayajaenea sana.

Jibu likija

Ukiambiwa “jaribu toleo hili”, lijaribu kwa faili ileile iliyoshindikana, si kwa nyingine inayofanana nayo. Jibu hata kama limefaulu. Ukinyamaza hajui kama imepona au umehamia kwingine. Asiposhawishika, mtumie hatua upya bila hasira. Akisema hatarekebisha, tafuta programu nyingine, au badilisha utaratibu wako: sisi kwa muda ule tuliandika ngombe bila ritifaa, na mkaguzi hakusema neno.

Kisakinishi cha toleo la zamani kisifutwe siku hiyohiyo. Kiweke kwenye folda yake, jina lenye namba ya toleo, hadi hesabu za mwezi zifungwe kwa toleo jipya. Kwenye daftari la kaunta andika mistari mitatu: tarehe ya kusasisha, toleo lililotoka, toleo lililoingia. Mtakapobadilishana zamu, daftari libaki mezani.